Gari Lililokuwa Likila Mafuta

Katika daftari langu la mafuta, ukurasa wa mwezi Mei 2014, nimeandika kwa wino mwekundu: "Lita 20, kilometa 98. Haiwezekani." Neno la mwisho nimelipigia mstari mara mbili. Nimeandika mengi katika maisha yangu, ripoti za shule, barua za onyo, mapendekezo ya kufukuza na ya kusamehe, lakini ni machache yanayonitia aibu kama neno hilo moja.

Nilisomea ualimu katika chuo cha ualimu, na somo langu lilikuwa Historia. Baadaye nilifanywa mwalimu mkuu, na kazi hiyo niliifanya mpaka nilipostaafu mwaka 2009. Kwa miaka yote hiyo niliwaambia wanafunzi kwamba kila tukio lina sababu za karibu na sababu za mbali, na kwamba mtu hapaswi kutoa hukumu kabla ya kusoma ushahidi wote. Niliyasema hayo kwa sauti kubwa mbele ya ubao. Ilinibidi kufika umri wa uzee, na kuharibikiwa na gari, ndipo nione kwamba kufundisha jambo na kulijua ni mambo mawili.

Hapa nitasimulia historia mbili. Moja ni ya dunia, jinsi binadamu alivyohangaika kutafuta kiasi sahihi cha mafuta ya kuipa injini. Ya pili ni ya nyumbani kwangu Tanga. Naomba msomaji anivumilie katika ile ya kwanza, maana bila hiyo ya pili haitaeleweka.

Petroli peke yake haiendeshi gari. Huungua pamoja na hewa, na kwa kipimo maalumu. Kilo moja ya petroli inahitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili viungue vyote bila kimoja kubakia. Tukigeuza hesabu hiyo kuwa lita, lita moja tu ya petroli inataka takribani lita 9,000 za hewa, yaani hewa ya kujaza stoo nzima. Mafuta yakipungua, injini hukosa nguvu na kushtukashtuka. Yakizidi, hayapati hewa ya kuungulia: bomba hutoa moshi mweusi, plagi hujaa masizi, harufu ya petroli hutanda, na yale yasiyoungua huteremka kwenye kuta za silinda na kuifanya oili kuwa nyepesi. Moto huzimika kwa kukosa kuni, lakini huzimika vilevile ukirundikiwa kuni mbichi kwa pupa. Mama yeyote aliyepika kwa mafiga analijua hilo.

Kuna jambo moja zaidi. Injini ikiwa baridi, sehemu ya petroli hushindwa kuwa mvuke, hunata kama umande kwenye kuta za ndani. Kwa hiyo asubuhi injini lazima ipewe mafuta zaidi ya kipimo, na ikishapata moto ziada hiyo iondolewe. Wazee wenzangu wanaikumbuka choki, kile kitufe cha kuvuta tulichokuwa nacho kwenye magari ya kabureta. Aliyesahau kuirudisha alifika mjini na moshi mweusi nyuma yake, watu wakimcheka.

Kabureta ilitumika miaka mingi, na ilikuwa chombo kizuri chenye udhaifu wake. Udhaifu huo ulionekana kwa namna ya kutisha mwaka 1940, angani juu ya Uingereza. Ndege za kivita za Waingereza, Spitfire na Hurricane, ziliendeshwa na injini ya Rolls-Royce Merlin yenye kabureta. Messerschmitt 109 za Wajerumani zilikuwa na injini ya Daimler-Benz iliyonyunyiziwa mafuta kwa pampu moja kwa moja ndani ya silinda. Rubani Mjerumani aliyefukuzwa aliinamisha pua ya ndege ghafla na kuteremka. Mwingereza akimfuata kwa namna hiyohiyo, injini yake ilikatika.

Kwa haraka ungesema injini ilikosa mafuta, na mwanzoni ilikuwa hivyo, lakini kwa kitambo kidogo tu. Mara baada ya hapo mafuta yalifurika katika kabureta kupita kiasi, na injini ikazama katika wingi. Aliyepata dawa ya muda alikuwa mwanamke mhandisi, Beatrice Shilling, wa kituo cha utafiti wa ndege cha Farnborough. Mapema mwaka 1941 alianza kufunga kwenye ndege hizo kipande kidogo cha chuma chenye tundu, kilichoruhusu kupita mafuta yale tu ambayo injini ingeweza kuyatumia ikiwa katika nguvu zake zote, basi. Hakuongeza kitu. Alijua ni wapi pa kuzuia.

Baada ya vita ujuzi wa pampu za kunyunyizia uliingia kwenye magari. Mwaka 1954 Mercedes-Benz walionyesha gari lao la 300 SL huko New York, la kwanza lenye injini ya petroli ya mipigo minne kuuzwa kwa watu likiwa na mfumo huo. Lilikwenda kasi sana, ila pampu yake ilikuwa na tabia moja: ukizima swichi, iliendelea kusukuma petroli mpaka injini ilipoacha kuzunguka, na petroli hiyo isiyoungua ilishuka kwenye oili. Kwa hiyo hata wenye ujuzi walikuwa bado wanatafuta kiasi.

Sisi huku tuliuona mfumo huo kwa macho yetu. Nikiwa kijana, wakati wa Pasaka, tulisimama kando ya barabara kungoja magari ya mashindano ya Safari yapite na vumbi lake. Mwaka 1966, na tena 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na mwenzake Chris Rothwell, katika Peugeot 404 ya kunyunyizia mafuta. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda kwa Peugeot 504 ya aina hiyo. Sisi vijana tulishangilia mwendo. Hakuna aliyetuambia kwamba ndani ya magari yale kulikuwa na pampu iliyopima mafuta kwa kila silinda, kama mfamasia anavyopima dawa.

Lakini kilichoingiza mfumo huo katika magari ya watu wa kawaida hakikuwa mashindano, kilikuwa moshi. Mji wa Los Angeles huko Marekani ulikuwa ukifunikwa na ukungu mchafu uliowasha macho. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu huo huzaliwa pale hewa chafu inayotoka kwenye magari na mitambo ya mafuta inapopigwa na jua. Sheria zikaanza kubana. Mwaka 1967 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilitoa mfumo wa kunyunyizia unaoongozwa na umeme, ukafungwa katika Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani. Mwaka 1970 Wamarekani wakapitisha sheria kali zaidi ya hewa safi. Kisha ikaja Oktoba 1973 na vita vya Mashariki ya Kati, na katika miezi michache bei ya pipa la mafuta ikapanda karibu mara nne. Watu wa rika langu hawahitaji kusimuliwa: ilifika wakati hapa kwetu magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Petroli ikawa kitu cha kuhesabiwa tone kwa tone.

Ilikuwa mwaka huohuo wa 1973 Bosch walipotoa mfumo mwingine waliouita K-Jetronic. Herufi K inasimamia neno la Kijerumani lenye maana ya mfululizo, kwa sababu mafuta hunyunyizwa bila kukatika muda wote injini inapofanya kazi. Ni mfumo wa ajabu kwa urahisi wake. Hewa inayoingia huinua sahani ya duara, sahani husukuma mkono, mkono hupandisha pistoni ndogo, na pistoni hufungua njia za mafuta. Hewa nyingi, mafuta mengi. Hewa kidogo, mafuta kidogo. Juu ya pistoni hiyo hukandamiza presha ya petroli yenyewe ili isipande ovyo. Presha ikiwa ndogo, pistoni hupanda kwa wepesi na mafuta huzidi. Presha ikiwa kubwa, pistoni huzuiliwa na mafuta hupungua.

Anayeamua presha hiyo ni kidhibiti kidogo kilichofungwa kwenye injini, na ndicho kilichochukua kazi ya choki. Ndani yake mna ukanda wa metali mbili zilizoambatanishwa, ambao hupinda kwa kadiri ya joto. Ukiwa baridi, hushusha presha, na injini hupata ziada ya asubuhi. Injini inapowaka, umeme hupita katika waya na kuupasha moto ukanda huo. Baada ya dakika chache presha hupanda na ziada huondoka. Nakuomba, msomaji, uushike waya huo katika kumbukumbu.

Sasa nirudi nyumbani.

Kwa kiinua mgongo changu nilinunua Mercedes-Benz 230E, toleo la mwaka 1983, kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa akihama. Ni lile umbo ambalo kiwanda kilitengeneza tangu 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, magari karibu milioni mbili na laki saba, na ambalo bado hulioni ajabu kulikuta barabarani. Wapo walionicheka kwamba mwalimu mstaafu ananunua kaburi la fedha. Sikuwajali. Nilifungua daftari, kama nilivyozoea shuleni, na kila nilipojaza mafuta niliandika tarehe, lita, kilometa na jina la aliyeendesha.

Goti langu la kulia lilipoanza kunisumbua, mwendeshaji akawa mpwa wangu. Ni mtoto wa pekee wa marehemu dada yangu, na tangu mama yake alipofariki alikaa kwangu. Ndiye aliyempeleka mke wangu kliniki, ndiye aliyekwenda soko la Ngamiani, ndiye aliyejaza petroli. Mimi niliendesha mara chache, hasa nilipokwenda Lushoto kumwona binti yangu.

Mwanzoni mwa mwaka 2014 hesabu zikaanza kuharibika. Gari lililokuwa likienda kilometa tisa kwa lita likaenda saba, kisha sita, kisha chini ya tano. Nilitazama safu ya majina: mpwa, mpwa, mpwa. Nilipoendesha mwenyewe kwenda Lushoto, zaidi ya kilometa 150 kwa kwenda tu, mafuta yalitosha karibu kama zamani. Tena alipoingia ndani jioni nguo zake zilinuka petroli. Nikamwambia mke wangu, "Kikulacho ki nguoni mwako."

Mke wangu aliniuliza kama nina hakika. Nilimwonyesha daftari.

Nilimwita kijana sebuleni kama nilivyokuwa nikiwaita wanafunzi ofisini. Nilimsomea tarakimu moja baada ya moja. Nikamuuliza petroli anamuuzia nani, na anainyonya kwa mpira saa ngapi.

"Mjomba, sijaiba," alisema. "Gari lenyewe linanuka. Ukiwasha asubuhi moshi wake unaingia mpaka kwenye nguo."

Nikamwambia kwamba wezi wote niliowahi kuwahoji walikuwa na maelezo. Hakunijibu tena. Kesho yake aliweka ufunguo wa gari juu ya meza, akaniamkia kwa adabu zote, akaondoka kwenda Muheza kwa ndugu wa baba yake. Katika daftari nikaandika "Haiwezekani" na kuufunga ukurasa.

Hesabu hazikupona. Mwezi uliofuata niliendesha mwenyewe safari za mjini, na lita zilikwisha vilevile. Nadhani siku hizo ndipo moyo wangu ulipoanza kushtuka, lakini mtu mwenye cheo cha kujua hachoki kujitetea. Nikasema, basi sasa gari nalo limeharibika, na kijana aliiba pia.

Nililipeleka kwa fundi jirani. Aliona moshi, akachukua kifunguo chembamba cha pembe sita, akakiingiza katika tundu dogo penye skrubu ya mchanganyiko na kuizungusha. Moshi ukapungua palepale, nikamlipa nikifurahi. Jumamosi yake nilikwenda Lushoto. Kutoka Mombo barabara hupanda kwa kona kilometa zaidi ya 30 mpaka mwinuko wa karibu mita 1,400. Gari lilikuwa limeshapata moto vizuri, na hapo ndipo liliposhindwa. Lilishtuka, likakohoa, likapandishwa kwa gia ya kwanza na ya pili huku malori yakinipita. Fundi alikuwa amepunguza mafuta ya mchana ili kuficha ziada ya asubuhi. Niliporudi akaizungusha tena skrubu upande wa pili, na moshi ukarudi. Akaniambia sasa ni kigawa mafuta kimekufa, kinunuliwe kingine, na bei aliyonitajia ilizidi pensheni yangu ya miezi mingi.

Rafiki mmoja akanielekeza kwa fundi wa makamo mwenye karakana ndogo chini ya mwembe. Alinipokea kwa "Shikamoo, Mwalimu," akanipa kiti, na hakufungua boneti. Aliniuliza swali ambalo hakuna aliyeniuliza, wala mimi sikujiuliza.

"Linasumbua lini?"

Sikuelewa. Akafafanua: likiwa baridi, likiwa vuguvugu, au likiwa moto? Safari fupi au ndefu? Nikafikiri. Asubuhi huwaka mara moja, bila taabu. Baada ya dakika kumi huanza kutetemeka na kutoa moshi mweusi. Likienda mbali, baada ya nusu saa na zaidi, hutulia.

"Basi bado linadhani ni asubuhi," alisema. "Tulipime kwanza."

Alifanya kazi kwa utaratibu ambao ningependa kila mwalimu kijana auone. Alikagua chujio la hewa, lilikuwa safi. Alitoa plagi, zote nne nyeusi sawasawa kwa masizi makavu, akasema silinda moja ikiwa mbaya hushuhudia peke yake, lakini zikishuhudia zote, tatizo liko juu yao. Alinusa kijiti cha oili, kikanuka petroli. Aliitoa ile nozeli inayoongeza mafuta wakati wa kuwasha injini baridi, akaiweka ndani ya chupa na kuiendesha pampu. Haikuvuja hata tone. Kisha akafunga geji ya presha kati ya kigawa mafuta na kile kidhibiti. Presha kuu ilikuwa zaidi kidogo ya bar 5, haina ila. Akaiwasha injini. Presha ya kidhibiti ilianzia karibu bar 2, akaniambia kwa joto la Tanga hiyo ni sawa kwa injini baridi.

"Sasa subiri. Ndani ya dakika chache yapasa ifike tatu na nusu."

Tulisubiri dakika tano, tukasubiri kumi. Mshale ulikuwa umesogea kidogo sana. Alichomoa kichwa cha waya kwenye kidhibiti na kukigusisha taa ya majaribio huku injini ikinguruma. Taa haikuwaka. Akaufuata waya kwa vidole, na karibu na kichwa, pale ngozi yake ilipopasuka, shaba ilikuwa imeliwa na kutu ya kijani. Ni hewa ya chumvi ya bahari yetu.

Basi ilikuwa hivyo. Umeme haukufika, ukanda haukupashwa moto, na injini iliendelea kulishwa ziada ya asubuhi mpaka pale joto lake lenyewe, polepole, lilipokipasha kidhibiti kutoka nje. Katika safari ndefu, muda huo mbaya ulikuwa sehemu ndogo. Katika safari za kliniki na sokoni, ulikuwa safari nzima. Kule Lushoto hewa nyepesi ya mlimani nayo huzidisha mchanganyiko kidogo, lakini hiyo ilikuwa sababu ndogo ambayo isingeleta madhara hayo.

Alikata kipande kibovu, akaunganisha waya mpya, akalehemu. Safari hii mshale ulipanda mbele ya macho yetu mpaka ukapita tatu na nusu. Ndipo alipoazima kipimo cha moshi na kuirudisha skrubu mahali pake, mwisho kabisa. Akamwaga oili na kuweka nyingine. Gharama ya waya wenyewe sikuiandika, kwa sababu alikataa kuidai.

Jioni ile nilikaa na daftari langu. Nililisoma lote, ukurasa kwa ukurasa, kwa mara ya kwanza. Ushahidi ulikuwemo. Mwezi Februari mpwa wangu alikuwa kwenye msiba kijijini kwa siku tisa. Siku hizo niliendesha mimi, mjini tu, na matumizi yalikuwa mabaya kama siku zake. Mwezi Machi alinipeleka Korogwe kwenye kikao, na siku hiyo gari lilikula kiasi cha kawaida, jina lake likiwa pembeni. Safu ya majina haikuonyesha chochote. Safu ya kilometa ilionyesha yote. Hati hiyo ya kumwondolea hatia niliiandika kwa mkono wangu, na niliitumia kumhukumu.

Nilikwenda Muheza siku ya pili. Nilimkuta amekaa juu ya pikipiki ya kukodi akingoja abiria. Alishuka, akasema, "Shikamoo, mjomba." Nilishindwa kuitikia marahaba mara moja. Nilimpa daftari na kumwonyesha kurasa zile, nikamweleza habari za waya, nikamwambia kwamba nimemkosea yeye na nimemkosea mama yake. Alisoma kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Lakini mjomba, nilikwambia linanuka."

Ni kweli aliniambia. Mtu pekee aliyekaa karibu na tatizo kila siku alinipa dalili ya kwanza na iliyo sahihi, nami niliigeuza kuwa ushahidi dhidi yake. Methali niliyoitumia ilikuwa ya kweli. Kilichonila kilikuwa karibu nami. Ila nilishika nguo ya mtu mwingine.

Mwaka 1976 Volvo walianza kufunga kwenye bomba la moshi kihisi kinachonusa kama mafuta yamezidi au yamepungua, na kuiarifu injini ijirekebishe. Tangu hapo magari yamekwenda mbele sana, na ya leo husema yenyewe yanapougua wapi. Gari langu la 1983 halina kitu hicho. Hungoja mtu aulize linasumbua lini, na kisha apime. Nafikiri watoto wetu nao wamo katika kundi hilo. Katika miaka yangu ya ofisini niliona moshi mwingi, na nikageuza skrubu nyingi kwa haraka, moshi ukapungua, nikaandika ripoti kwamba nidhamu imerejea. Ni wangapi kati yao walishindwa baadaye mlimani, sina daftari la kunionyesha.

Mpwa wangu hakurudi kukaa kwangu, na sikumlazimisha. Ameoa, ana pikipiki mbili zake mwenyewe, na sikukuu huja na wanawe. Akifika hupenda kuliwasha gari na kusimama nyuma yake akinusa, kisha hunitazama na kucheka. Daftari ninalo bado. Safu ya majina nimeifuta. Mahali pake naandika injini ilikuwa baridi au moto, na safari ilikuwa ya umbali gani.